Sukari ya Bibi Imeshuka

Saa tano asubuhi, bibi wa miaka 84 ameketi mkekani barazani. Upepo unavuma, lakini kanga yake imelowa jasho shingoni. Anamwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe, na kikombe kinamponyoka mkononi. Majirani wakimwona watasema ni uzee. Lakini alfajiri alimeza kidonge chake cha kisukari kama kawaida, akanywa chai ya rangi, na muhogo ukamshinda. Si uzee huo. Sukari imeshuka.

Tumefundishwa kuogopa sukari inayopanda, na ni haki. Ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Miaka mingi: hapo ndipo penye jambo lenyewe. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977 ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari huokoa viungo hivyo, ila faida yake ilichukua miaka kuonekana, na haukuandikisha mgonjwa aliyezidi miaka 65. Hatari ya sukari kushuka haina subira hiyo. Inamkuta mzee leo, kabla ya adhuhuri.

San Francisco, Marekani, kuna taasisi iitwayo On Lok, iliyoanzia mtaa wa Wachina. Huwahudumia wazee ambao kwa hali yao wangestahili kupelekwa kwenye makao ya kutunzia wazee, lakini wanaishi nyumbani kwao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti walifuatilia wazee 367 wenye kisukari, wastani wa umri miaka 80, nusu yao wakichoma insulini. Walitazama kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu: sukari hunata kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo damu hutunza kumbukumbu. Kisha wakauliza maswali ambayo mimi nayapenda kuliko namba yoyote. Je, baada ya miaka miwili mzee bado anaoga mwenyewe? Anavaa, anainuka kitandani, anakwenda chooni bila kushikwa mkono?

Waliokuwa na asilimia 8 hadi 8.9 kwenye kipimo hicho walipoteza uwezo huo mara chache kuliko waliokuwa na 7 hadi 7.9, kiwango ambacho kliniki nyingi zingekisifu. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba namba yenyewe ndiyo sababu. Hata hivyo, mwaka 2008 jaribio jingine la Marekani, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, lilikuwa limeshasimamisha matibabu ya kushusha sukari kwa nguvu, baada ya kuonekana kwamba waliopewa walikufa zaidi, 257 dhidi ya 203. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 62 tu. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa wazee cha nchi hiyo kikashauri asilimia 8 hadi 9 kwa mzee mwenye maradhi mengi.

Kwa nini mwili wa mzee hauhimili? Figo zimechoka, kwa hiyo dawa hukawia kutoka, na hamu ya kula huja na kwenda huku kidonge kikibaki kilekile. Glibenklamaidi, kidonge kinachojulikana sana kwetu, ni ya kuangaliwa zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa aliyepita miaka 60. Ukimsindikiza mzee kliniki, beba vidonge vyote, mwonyeshe daktari, umuulize kama kipo cha kupunguzwa au kubadilishwa. Usikipunguze mwenyewe, maana sukari ikipanda sana nayo humkausha maji na kumwamsha kukojoa usiku, na gizani ndiko anakoanguka.

Turudi barazani. Bibi bado anaweza kumeza, kwa hiyo mjukuu anakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji na kumnywesha. (Angekuwa amezimia, asingemtia kitu kinywani, angemkimbiza hospitali.) Baada ya robo saa anampima kwa kumchoma kidole, na namba ikiwa chini ya 4 mmol/L anarudia. Bibi anapoanza kuuliza nani amemwaga chai mkekani, analetewa uji na ndizi. Kisha safari ya kliniki, mchana huohuo, na vidonge mkobani. Kile cha alfajiri bado kimo mwilini, na jioni kinaweza kuishusha sukari tena.