Kozi za programu za simu: Tarehe kwanza, bei baadaye

BARIADI

Msimu wa pamba mkoani Simiyu humfundisha kila mnunuzi jambo moja: pamba fifi hainunuliwi kwa bei ya pamba safi. Kanuni hiyo inamfaa pia mtaalamu wa kompyuta aliyeacha kuandika programu miaka mingi iliyopita, akaingia kwenye biashara, na sasa anataka kozi ya intaneti ili atengeneze programu ya simu ya kutunza hesabu za ghala lake.

Hasara kubwa hapo si ada, bali muda. Aliyeondoka mwaka 2014 aliacha programu za Android zikiandikwa kwa lugha ya Java, wengi wakitumia Eclipse. Google iliacha kuhudumia zana zake za Eclipse mwishoni mwa 2015. Mwaka 2017 iliikubali rasmi lugha ya Kotlin, na mwaka 2019 ikaipa nafasi ya kwanza. Mwaka 2021 ilitoka Jetpack Compose, njia mpya ya kupanga sura ya programu. Kozi ya Android iliyorekodiwa kabla ya hapo, hata ikipunguzwa bei kwa asilimia 90, ni fifi.

Hata hivyo, mtaji wa zamani haujapotea. Kotlin hufanya kazi pamoja na Java, hivyo mtu huyo hana sababu ya kulipia masomo ya kuanzia sifuri. Google hutoa bure mafunzo ya Kotlin na Compose, na kwa kuwa mengi ni ya maandishi, hayamalizi kifurushi cha intaneti kama video.

Zipo gharama nyingine. Kompyuta inahitaji kumbukumbu ya GB 8 au zaidi. Mwenye GB 8 afanye majaribio kwenye simu yake kwa waya. Kujisajili Google Play ni dola 25 mara moja, wakati Apple hutoza dola 99 kila mwaka.

Tena, akaunti binafsi za Google Play zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hutakiwa kwanza kufanyiwa majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kozi isiyomfikisha mwanafunzi kwenye hatua hiyo humwacha na cheti bila bidhaa. Watu 12 wa kuijaribu programu ya ghala hawakosekani sokoni Bariadi. Cha kuangalia ni kuanza mapema, kabla mizani ya pamba haijafunguliwa.