Lebo Yauza Mvinyo, Mkulima Auza Zabibu

Wako watu wadhanio kwamba mvinyo ununuliwao kwa wingi ni ule ulio mtamu kuliko mingine. Sisi hatukubaliani nao.

Mwaka 1997 wataalamu wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio lao katika duka moja kubwa. Waliweka rafuni mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani kwa bei zinazolingana, wakapiga muziki wa nchi hizo kwa zamu. Muziki ulipokuwa wa Kifaransa, chupa 40 za Ufaransa zilinunuliwa, na 8 tu za Ujerumani. Ulipokuwa wa Kijerumani, za Ujerumani zilikuwa 22 na za Ufaransa 12. Wanunuzi walipoulizwa, walio wengi walikana kwamba muziki uliwavuta!

Bei nayo ina nguvu zake. Huko California, mwaka 2002, mvinyo wa Charles Shaw ulianza kuuzwa katika maduka ya Trader Joe's kwa dola 1.99 chupa. Mabwana wenye kujivunia ulimi wao waliudharau. Mwaka 2007 Chardonnay yake ilishinda Chardonnay zote za California katika mashindano ya maonyesho ya jimbo hilo, ambako waonjaji hawaonyeshwi lebo. Lakini Bwana Shaw mwenyewe hakuwa na fungu katika biashara hiyo: alikwisha kufilisika, na jina lake likanunuliwa na kampuni ya Bronco. Jina tupu, bila shamba, lilikuwa mali.

Twayasema haya kwa ajili ya ndugu zetu wa Dodoma. Ardhi yao yatoa zabibu mara mbili kwa mwaka, neema wasiyoijua wakulima wa Ulaya. Hata hivyo wengi wao huuza kwa kilo, na zabibu iliyoiva haingoji. Mnunuzi alijua hilo, naye hupanga bei atakavyo. Yamekwisha kutokea mavuno kuozea shambani kwa kukosa mnunuzi.

Kwa hiyo twavitaka vyama vya ushirika viwe na mitambo ya kukamua na matangi ya kuhifadhi mchuzi wa zabibu, kisha chupa zenye lebo ya wakulima wenyewe. Na wenye hoteli watuambie: mvinyo wa Dodoma umewekwa rafu ya ngapi?