Chukua PS Yenye Iko na Mdomo

Karibu kila mwezi mimi hushuka tao Jumamosi moja na CD moja kwa begi. Naingia Luthuli Avenue hapa Nairobi, napanda ngazi za jengo fulani yenye maduka zimebanana hadi mkipishana lazima mmoja akae kando, naweka CD kwa kaunta. Jamaa anaigeuza, anaimulika na tochi ya simu akisaka mikwaruzo. Kisha anasema, "Ongeza ngiri na soo tano, ubebe ya Spider-Man." Tunasumbuana hapo kiasi, tunapatana ngiri na soo mbili, naishia hao na gemu mpya. Hivyo ndio nimemaliza Ghost of Tsushima, God of War Ragnarök na Spider-Man 2. Pesa ya gemu mpya kabisa niliitoa mara moja tu, ile ya kwanza. Zingine zote zimezaliwa na hiyo.

Naanzia hapo, juu kila wiki kuna beshte ananiuliza: niokote PS ya CD ama ile ya dijitali? Maze, mimi sina majibu mbili. Chukua yenye iko na mdomo wa kuingiza CD.

Najua kinachowavuta wasee ni bei. PS5 ikitoka Novemba 2020 Marekani, ya CD ilikuwa dola 499, ile haina mdomo dola 399. Kwa msee amesave miezi nane, dola 100 ni doo mob, hiyo naielewa kabisa. Lakini cheki penye inaenda. Ukishachukua isiyo na mdomo, soko yako yote inabaki duka moja, na mwenye hiyo duka ndio anapanga bei. Hakuna wa kubishana na yeye. Hakuna ya mtush. Gemu ukiimaliza, inakaa hapo kwa akaunti kama risiti, huwezi iuza, huwezi ibadilisha, huwezi achia jirani wiki mbili.

Kwa ploti yetu tuko watatu wenye PS. Kila mtu hubuy CD yake, tofauti na ya wenzake, halafu zinazunguka. Mwaka unaisha kila mmoja amecheza gemu tatu kwa bei ya moja. Huu ni mpango wa mtaa, ule ule wa kuazimana viatu na vitabu za shule, na dijitali inaukata kabisa.

Kuna kitu ingine wasee hawaambiwi. Kenya haiko kwa orodha ya nchi za PlayStation Network. Ukifungua akaunti lazima useme unaishi kwingine, labda Marekani, Uingereza ama Afrika Kusini, na ukishachagua nchi huwezi badilisha. Kadi yako ya benki ya huku mara nyingi inakataliwa, kwa hivyo unasaka vocha ya ile nchi ulichagua, na wa kukuuzia anaweka faida yake juu. Hapo ndio wengine wanashawishika kununua akaunti ya mtu yenye gemu ziko ndani. Binamu yangu alichukua moja hivyo, bei ya kutupa. Miezi mitatu ikaisha, pasiwedi ikabadilishwa, na ule msee hakushika simu tena. Doo zilienda. Usiguse hizo vitu.

Na hata kama akaunti ni yako halali, chenye unalipia ni leseni ya kucheza. California walipitisha sheria 2024 kwamba muuzaji wa dijitali asitumie neno "nunua" bila kumwambia mteja wazi kwamba anapata leseni. Wale wa Nintendo 3DS na Wii U walifungiwa duka Machi 2023, ya Xbox 360 ikafuata Julai 2024. Gemu hukununua kwa hizo duka kabla ya hiyo siku, huko imeenda. Na hii ya mwisho inatugusa sisi kabisa: EA walipoachana na FIFA wakaanza EA Sports FC, gemu za FIFA zilitolewa kwa maduka za dijitali 2023. Leo ukidai FIFA 23, hauipati huko. Lakini tembea tu tao, CD yake iko kwa shelfu.

Sitawadanganya kwamba CD ni kinga ya kila kitu. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuja na CD ya PS5 yenye haikuwa hata na MB 100 ndani, zingine zote ni za kushusha. The Crew ya Ubisoft ilizimwa seva 31 Machi 2024, na wenye CD wakabaki na plastiki. Kwa hivyo kabla utoe ganji, uliza kama gemu inacheza bila intaneti. Pia jua CD ya PS5 bado inajaza storeji, na ile PS5 ya kwanza ilikuwa inakuachia kama GB 667 tu. Angalau CD yenye iko na gemu yote inakuokoa kwa kushusha: GB 100 kwa waifai ya Mbps 10 ni karibu masaa 22, na hapo stima isipotee.

Dijitali iko na place yake, hiyo nakubali. Gemu yenye unacheza kila siku, kama FC, inafaa ikae ndani bila kutoa na kurudisha CD. Ofa zikishuka kuna gemu za zamani unaokota kwa dola chache. Na kuna zenye hazina njia ingine: Alan Wake 2 ilitoka Oktoba 2023 bila CD kabisa, ya kushika ikaja mwaka mmoja baadaye. PS yenye iko na mdomo inacheza hizo zote. Ile haina, inacheza upande mmoja.

Kama tayari ulichukua PS5 Slim ya dijitali ama Pro, ambayo huja bila mdomo, usilie. Mdomo unauzwa kando na unadungwa hao. Hakikisha tu intaneti iko siku ya kuiunganisha mara ya kwanza.

CD nazo zitunze. Ziweke kwa kava yake, zishike pembeni, usizipake dawa ya meno hata mtu akuapie inafuta mikwaruzo. Na ile umemaliza mwaka jana, yenye iko hapo kwa droo imelala, itoe leo. Kuna msee huku mtaani anaitafuta, na yeye ako na yenye wewe haujacheza.