Kununua msumeno si kazi, kazi ni kuuweka sawa

Likizo ya Agosti iliyopita nilitembelewa na kijana mmoja ambaye zamani nilimfunza useremala, na ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya upili ya kutwa. Alikuja na swali ambalo, nilitambua mara moja, alikuwa amekwisha kulijibu mwenyewe.

“Mwalimu,” alianza kwa adabu, “chama chetu cha akiba na mikopo kimekubali kunikopesha. Nataka kufungua karakana ndogo nyuma ya nyumba. Nimeona msumeno wa duara pale mjini, wa mota. Niuchukue?”

Nilimwuliza jambo moja tu: mbao atazipata wapi? Akajibu kwamba babake amempa migrivelea sita iliyo mpakani mwa shamba, na tawi kubwa la mwembe lililoangushwa na upepo. Basi nikamwambia asiuchukue. Mtu mwenye miti yake, mwenye chumba kimoja na umeme wa nyumbani, mashine yake ya kwanza ni msumeno wa ukanda.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, msumeno huu ni magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, yaliyozungushiwa ukanda mwembamba wa chuma wenye meno upande mmoja. Mota hulizungusha gurudumu la chini, nao ukanda hushuka bila kukoma kupitia tundu la meza. Ukiingia katika bucha kubwa za mjini utawaona wauza nyama wakikatia mifupa kwa jamaa yake wa karibu. Jambo hilo nitalirudia.

Sababu ya ushauri wangu ni hesabu ya darasa la nne. Msumeno wa duara hula milimita 3 au zaidi za mbao katika kila mpasuo. Ukanda hula kama milimita moja. Gogo linalopasuliwa mara kumi litapoteza milimita 30 kwa msumeno wa kwanza na takribani 10 kwa wa pili. Tofauti hiyo ni ubao mzima wa kutengenezea droo, umegeuka vumbi sakafuni. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, bei ya mbao ilitufunza sote kuheshimu kila inchi. Hata baada ya marufuku hayo kulegezwa miaka mitano baadaye, sijamwona seremala aliyerudia ubadhirifu wa awali. Aidha, msumeno wa duara wa kawaida wa inchi 10 hupasua kina cha inchi tatu hivi, ilhali wa ukanda wa ukubwa wa kati hupasua inchi sita. Isitoshe, duara likibanwa na mbao huweza kuirusha nyuma kwa nguvu za kumvunja mtu mbavu. Ukanda huisukuma mbao chini, mezani, wala haimrukii fundi.

Wazo lenyewe si geni. Mwingereza William Newberry alipewa hataza yake mapema katika karne ya 19, lakini wazo likalala kwa miaka mingi kwa sababu kanda za siku hizo zilikatika pale zilipoungwa. Aliyepata njia ya kuunga chuma hicho kikastahimili kupindwa bila kukoma alikuwa Mfaransa, Anne Paulin Crepin, mwaka wa 1846. Naam, mwanamke. Nalitaja hili kwa ajili ya walimu wenzangu ambao hadi leo huwaelekeza wasichana wote kwenye sayansi ya nyumbani kabla hata hawajawauliza.

Sasa tuje kwenye uchaguzi, na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipostaafu nilimwendea muuzaji mmoja wa mashine zilizotumika ng'ambo. Alinionyesha msumeno wa Kizungu, mzito, wa kupendeza, kwa bei iliyonifanya nitabasamu. Niliupanda kwenye pikapu nikijiona mjanja. Nyumbani, fundi wa umeme alisoma kibati cha mota, akatikisa kichwa: ulitaka umeme wa fezi tatu. Nyumba zetu nyingi zina fezi moja, volti 240. Mashine yangu ilikaa chini ya turubai miezi minane hadi nilipoweza kumudu mota nyingine, na bei ile ya kutabasamu ikawa imeongezeka karibu maradufu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujapiga rangi kwa kidole na kuisifu, soma kibati. Angalia fezi, angalia volti, angalia na hezi. Mashine ya Marekani iliyotengenezewa hezi 60, hata ukiipa transfoma ya kupunguza volti, itazunguka polepole zaidi kwa hezi zetu 50.

Ukubwa wa msumeno huu hupimwa kwa kipenyo cha gurudumu. Ule wa inchi 9 au 10 unafaa kwa vitu vya kuchezea watoto na fremu za picha. Ukiulazimisha upasue gogo, utakwama. Wa inchi 14 wenye mota ya nguvu farasi moja au moja na nusu ndio unaomtosha mwalimu mwenye karakana ya nyumbani. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono ukiwa dukani, mota ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Likiyumba kama la baiskeli iliyogonga shimo, aga uende zako. Tazama pia raba iliyovishwa magurudumu: ikiwa imepasuka, utaibadilisha, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei. Rangi iliyobabuka isikutie hofu hata kidogo.

Kuhusu kanda, usidanganyike kwamba moja hufanya yote. Kwa kupasua magogo tafuta wenye upana wa nusu inchi au zaidi, meno matatu au manne kwa kila inchi. Meno machache yana nafasi kubwa katikati, na vumbi hupata pa kutokea. Kwa kukata mapindo, kama mgongo wa kiti, ukanda wa robo inchi utazunguka duara lenye nusu kipenyo cha kama inchi moja bila kulalamika. Ule wa nusu inchi utataka inchi mbili na nusu. Ukiulazimisha kupinda zaidi utaunguza mbao, kisha utakatika.

Yote hayo ni rahisi. Kazi hasa huanza mashine inapofika, na ni hapa ambapo wengi hukata tamaa na kudai wameuziwa kitu kibovu. Msumeno wa ukanda usiowekwa sawa hukata kama mlevi anavyotembea. Uliowekwa sawa hutoa ubao mwembamba kama jalada la kitabu. Mashine ni ile ile.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Kisha rudisha nyuma vielekezi vyote, vile vipande vinavyoushika ukanda kushoto na kulia, pamoja na beringi iliyo nyuma yake, juu ya meza na chini yake. Usirekebishe chochote vikiwa vinagusa ukanda, maana vitakudanganya. Vaa glavu kwa hatua hii tu. Ukanda uliokunjwa hufunguka ghafla kama nyoka. Uvishe magurudumuni meno yakikutazama wewe na ncha zake zikielekea chini. Zikielekea juu, haukuharibika: upindue ndani nje. Nimewaona watu wazima wakiurudisha dukani.

Ukaze. Mashine nyingi zina alama za kipimo cha mkazo, nami siziamini. Pandisha kielekezi cha juu hadi inchi sita kutoka mezani, uusukume ukanda kando kwa kidole; ukisogea kama robo inchi kisha ukakataa, umetosha. Halafu zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu, ukitazama ukanda unakimbilia upande gani. Nyuma ya gurudumu hilo kuna skrubu ya kuliinamisha. Igeuze kidogo, zungusha tena, tazama tena, mpaka ukanda ukae katikati ya raba na utulie hapo hata baada ya mizunguko ishirini. Mwanafunzi mwenye haraka huigeuza skrubu raundi nzima. Ukanda hutoka, naye hulazimika kuanza upya.

Sasa ndipo vielekezi husogezwa. Kipimo chake ni unene wa karatasi ya daftari kila upande, na viishie nyuma kidogo ya meno, kwa sababu vikiyagusa vitayafanya butu kwa dakika moja. Beringi ya nyuma nayo isiuguse ukanda unapozunguka bure. Iuguse tu mbao inapousukuma. Weka skwea mezani, uipime meza dhidi ya ukanda, kaza nati.

Limebaki jambo linalowatatiza hata mafundi wa miaka mingi: kila ukanda una upande unaopenda kuelekea. Usishindane nao. Chora mstari sambamba na ukingo wa ubao, uukate kwa mikono mitupu ukiufuata mstari, na ukifika katikati zima mashine bila kuuondoa ubao. Pembe uliyoushikia ubao ndiyo pembe ya ukanda huo. Funga ubao wa kuegemezea mezani kwa pembe hiyo hiyo, hata kama macho yako yanaona umekaa mshazari.

Nilisema nitairudia bucha. Ukanda hauna kelele za kutisha, na ndiyo hatari yake. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha tawi la mviringo bila kulitia kwenye kitako cha kulizuia. Lilibiringika ghafla, likauvuta mkono wangu, ukanda ukakatika kwa mlio wa risasi. Nina kovu la nyuzi saba kwenye kidole gumba, na najua nilivyobahatika. Tangu siku hiyo mti wa mviringo haupiti mezani pangu bila kufungwa skrubu kwenye ubao bapa. Kinga ya juu huiteremsha hadi robo inchi juu ya mbao, na sehemu ya mwisho husukumwa na kijiti, wala si kidole. Hapa glavu ni marufuku, na tai ya ualimu iachwe ofisini. Vaa kinga ya pua pia: tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha maradhi hayo.

Kijana wangu aliyaandika haya yote kwenye daftari, kisha akaniambia jambo lililoninyima usingizi. Katika stoo ya shule yake mna msumeno wa ukanda wa inchi 14, mpya, ndani ya kreti. Uliletwa kabla yeye hajahamishiwa hapo. Hakuna aliyejua kuuunganisha, na kila mkuu wa shule humkabidhi mwenzake funguo na kreti. Mtaala mpya unawaahidi watoto wetu teknolojia ya mbao, na huku mashine inaota kutu hatua thelathini kutoka darasani! Nashuku kreti hiyo ina ndugu zake katika stoo nyingine nyingi za nchi hii, na haidai fedha zozote ila Jumamosi moja ya mtu ajuaye.

Tuliifungua muhula uliofuata, kwa idhini ya mkuu, wanafunzi kumi na wawili wakitazama. Meza ilikuwa na kutu, tukaisugua kwa msasa na mafuta. Raba zilikuwa nzima. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu ndiye aliyeishika skrubu ya gurudumu la juu, akaigeuza robo, akatazama, akaigeuza tena. Ilimchukua karibu dakika ishirini. Kisha akanitazama na kuniuliza kama sasa ninaweza kuchomeka waya.