Mshahara wa Nairobi Unaishia Wapi?

Mara hii hatutazungumza juu ya ng'ombe wa maziwa wala kahawa. Tutazungumza juu ya nyumba za kupanga Nairobi, kwa sababu pesa za vikundi vyetu nyingi huishia huko. Kijana akimaliza shule, mzazi anakuja kwa mkutano kuomba mkopo. Akiulizwa ni wa nini, jibu ni fupi: kijana amepata kazi Nairobi, anataka pa kuanzia. Kikundi kinatoa elfu kumi. Miezi miwili inapita, mama yule yule anarudi akiomba aongezewe muda wa kulipa, na kijana hajatuma hata senti. Watu wanaanza kunong'ona ati ameharibiwa na anasa za mji. Mara nyingi si anasa. Ni hesabu haikufanywa.

Basi tuifanye. Kuanzia Novemba 2024 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. (Wako wengi wanaolipwa chini ya hapo, hasa kwa mjengo na kwa vibanda.) Kwa pesa hiyo hakatwi kodi ya mapato, lakini NSSF inachukua asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Ukijumlisha ni kama Sh. 1,650. Mkononi zinabaki kama Sh. 14,460.

Sasa kodi. Watu wetu wakishuka pale Tea Room, wengi hawaendi mbali na barabara iliyowaleta. Wanatafuta Githurai, Zimmerman, Kahawa West au Kasarani, maana ni upande wa Thika Road na kurudi nyumbani ni rahisi. Wengine wanaenda Umoja, Kayole, Dandora au Pipeline. Chumba kimoja katika ghorofa, choo na bafu mkishiriki na majirani, ni kati ya Sh. 4,000 na 7,000 hivi. Bedsita, yaani chumba chenye choo chake na kona ya kupikia, huanza kama 7,000 na hupita 12,000. Chumba cha mabati Mathare au Mukuru ni kama 2,000 mpaka 4,000. Hizi ni bei za kukadiria. Kuvuka barabara moja tu kwaweza kubadilisha elfu mbili, na mara nyingi chumba cha juu kabisa huwa nafuu kwa sababu ya ngazi, na maji yasiyofika huko.

Tumchukue kijana wa mfano, anayelipa chumba cha 5,000. Nauli ni Sh. 60 kwenda na 60 kurudi, siku 26: hiyo ni 3,120. Chakula, akijinyima sana, Sh. 150 kwa siku: 4,500 kwa mwezi. Jumla ni 12,620. Zimebaki Sh. 1,840 za maji, stima, gesi, sabuni, simu na dawa akiugua. Na mvua ikinyesha jioni, makanga anapandisha nauli hadi mia bila kuuliza mtu. Hapo ya kutuma nyumbani itatoka wapi?

Mtasema, si apunguze matumizi? Nyumbani mama anachuma sukuma wiki nyuma ya jikoni, ndizi ziko shambani, maziwa yanatoka kwa jirani na kuni hazinunuliwi kila siku. Nairobi kila kitu kinapimwa: mafuta ya kupikia kwa kikombe, sukari kwa robo, maji kwa mtungi wa lita 20. Na anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Lakini gunia linataka pesa kwa mkupuo, na pesa kwa mkupuo ndiyo hana. Kwa hivyo lile debe la maharagwe na kale kagunia ka viazi mnakomtumia kwa matatu, msikaone kadogo. Debe moja laweza kumsukuma mtu mmoja mwezi na zaidi, na hiyo ni pesa ambayo mshahara wake haukuwa nayo.

Kodi iko juu kwa nini? Kwanza ni wingi wa watu. Hesabu ya watu ya 1999 ilipata Nairobi ina watu 2,143,254. Ile ya 2009 ilipata 3,138,369, na ya 2019 ikapata 4,397,073. Katika miaka 20 mji uliongezeka zaidi ya mara mbili. Nyumba za baraza la mji, kama zile za Kaloleni na Jericho, ni za zamani, na baadaye serikali haikujenga za kuwatosha watu waliokuja. Pengo likazibwa na wenye ploti. Mahali palipopimwa nyumba ndogo ya familia, kama Dandora na Umoja, leo pamesimama ghorofa za vyumba vingi, na mwenye ploti aliyejenga kwa mkopo anataka pesa zake zirudi haraka.

Kuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na lilianzishwa baraza maalum la kusikiza kesi zake. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Zamani 2,500 ilikuwa pesa ya nyumba ya maana. Leo chumba chetu cha 5,000 kiko nje. Mpangaji anategemea zaidi karatasi aliyotia sahihi, na wengi hawana hata hiyo karatasi. Hata hivyo ajue jambo moja: akichelewa na kodi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kujichukulia vyombo vyake kiholela. Kushika mali ya mpangaji ili iuzwe ni kazi ya mpiga mnada aliye na leseni.

Turudi kwa mkopo wenu. Mwezi wa kwanza kijana anatakiwa kulipa kodi 5,000, diposi 5,000 nyingine, na kama 1,000 ya maji na stima. Godoro, blanketi, sufuria na jiko, hata vya mitumba, ni kama 6,000. Halafu chakula na nauli mpaka mshahara ufike, 7,620. Jumla ni Sh. 24,620. Mkimpa elfu kumi, nyingine atazikopa huko, pengine kwa simu, na deni la simu litalipwa kabla ya lenu. Sisi tungeona heri mumwulize kama kuna ndugu atakayemkaribisha miezi miwili, au mwenzake wa kugawana chumba, kila mmoja 2,500. Na marejesho yaanze mwezi wa nne. Mpimie pia kazi ya karibu. Anayelipwa 10,000 Embu mjini na kulala kwao, nauli yake ikiwa mia kwa siku, anabaki na 7,400. Atanunua chakula cha mchana na bado atamshinda mwenzake wa Nairobi.

Akiamua kwenda, asilipe chumba ambacho hajakiona kwa macho. Ajenti atamwitisha pesa ya kuonyeshwa nyumba, na wengine huonyesha nyumba isiyo yao. Awaulize wapangaji, si keateka, maji huja siku gani na usiku kukoje. Aangalie kama mita ya stima ina deni la aliyehama. Kodi iende kwa akaunti ya mwenye nyumba, si kwa simu ya keateka. Na siku ya kuingia aandike kila kilichoharibika, kioo, kitasa, bomba, keateka atie sahihi, maana siku ya kuhama diposi hukatwa kwa vitu hivyo hivyo na rangi juu yake. Kabla ya kuhama huwa anatakiwa kutoa notisi, kwa kawaida mwezi mmoja, kwa maandishi. Risiti zote azitunze mpaka diposi irudi, hata kama ni ujumbe wa M-Pesa tu.