Draiva Ipande Keria

Bila shaka mmewahi kuabiri matatu ya kutoka Migori kwenda Homa Bay siku ya soko. Mzee anaingia na gunia la mahindi, analiweka kitini, na watu wanabaki wamesimama. Makanga mwenye akili hulipandisha gunia kwenye keria. Kompyuta za zamani zilikuwa na taabu hiyo hiyo, nami nilijionea likizo ya Agosti kwa baba mdogo, Homa Bay.

Yeye ameachiwa na marehemu babu kompyuta ya aina ya 386. Ndani mna hesabu za chama cha akiba cha kijiji. Wajane wawili walikuja kuuliza waume zao waliweka kiasi gani. Basi programu ya hesabu ikakataa kufunguka, ati kumbukumbu haitoshi! Na kompyuta ina megabaiti 4.

Kumbe programu za DOS zilikaa hasa katika kilobaiti 640 za kwanza, hata kumbukumbu ikiwa nyingi namna gani. Juu yake kuna kilobaiti 384 zilizotengewa kioo na vifaa vingine, na humo hubaki mapengo. Hiyo ndiyo keria.

Na gunia je? Diski ya babu ni ndogo, megabaiti 40 tu. Mwaka wa 1993 Microsoft walitoa MS-DOS 6 yenye DoubleSpace, ambayo hushindilia faili ili diski ibebe karibu mara mbili. (Kampuni ya Stac iliwashtaki kuhusu haki za uvumbuzi huo, na mwaka wa 1994 mahakamani huko Marekani ikaamuliwa ilipwe dola milioni 120.) Vitu vyote hufungiwa ndani ya faili moja kubwa iliyofichwa, DBLSPACE.000. Draiva ya kuisoma hukalia zaidi ya kilobaiti 40 katika zile 640.

Baba mdogo alipoiona faili hiyo alitaka kuifuta apate nafasi. Nilimshika mkono.

"Baba mdogo, ukifuta hiyo umechoma vitabu vyote vya babu!"

Draiva nayo haiachwi stejini, maana bila yake hakuna kinachosomeka. Dawa ni kuihamisha. Tulinakili CONFIG.SYS kwanza, kisha tukaandika hivi:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB
DEVICEHIGH=C:\DOS\DBLSPACE.SYS /MOVE

Mistari mitatu ya kwanza hufungua keria. Wa nne haupakii draiva, kwa sababu hiyo huingia yenyewe kabla CONFIG.SYS haijasomwa. Huiambia tu ihame, ipande juu.

Mara ya kwanza tulishindwa. Mimi nilikuwa nimeandika RAM mahali pa NOEMS, na neno hilo hutenga kilobaiti 64 kule juu kwa kazi nyingine. Tena nilitanguliza draiva ya mausi, ikajibanza katikati ya pengo. Gunia kubwa hutaka nafasi isiyokatika, na lisipoipata hubaki chini. Nikasahihisha, nikaiwasha upya, nikaandika MEM /C. Jina DBLSPACE lilikuwa limehamia safu ya juu!

Programu ikafunguka. Baba mdogo hakusema kitu, alivuta kiti akaanza kusoma majina huku mimi nikiandika kwenye daftari. Tulimaliza saa nne usiku, kurasa 11, na waume wa wale mama wawili walikuwa katika ukurasa wa tatu na wa nane.