Maumivu yaliyomfanya Batistuta aombe akatwe miguu

MABEKI wa Serie A walihangaika naye kwa zaidi ya muongo mmoja bila kumpatia dawa. Lakini Gabriel Batistuta, straika wa Argentina aliyefunga mabao matatu kwenye mechi moja ya Kombe la Dunia mwaka 1994 na akarudia tena mwaka 1998, alikuja kushindwa na safari ya mita tatu tu: kutoka kitandani hadi chooni.

Alitundika daluga mwaka 2005. Kwa simulizi yake mwenyewe, muda mfupi baadaye vifundo vya miguu viligoma. Kuna usiku alijikojolea kitandani huku choo kiko pale pale, maana alijua akikanyaga chini tu ataona nyota. Akamfuata daktari, akamwomba amkate miguu. Daktari akakataa.

Gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mfupa na mfupa, lilikuwa limekwisha. Mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Kwa miaka mingi alicheza na maumivu, akisaidiwa na sindano. Mwaka 2019 aliwekewa kifundo bandia.

Mtaani maumivu ya namna hii huitwa baridi yabisi, na jina hilo linawapoteza wengi. Mtu anadhani ni baridi imeingia mifupani, anajipaka dawa ya kuchua, anavaa soksi nzito, maisha yanaendelea. Kumbe viungo huuma kwa sababu tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Ya Batistuta ni ya kusagika. Huja taratibu, hasa kwenye kiungo kilichowahi kuumia. Aliyechanika ligamenti za goti yuko hatarini zaidi, hata kama bado kijana. Umri na uzito navyo huchangia.

Nyingine haihusiani na rafu kabisa. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe, kama beki anayejifunga. Mcheza tenisi Caroline Wozniacki wa Denmark aligundulika nayo mwaka 2018, mwaka uleule aliotwaa Australian Open. Mara nyingi vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi viungo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Hii ina dawa zake, na ikiwahiwa viungo huokolewa.

Kuna jongo. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu, chembe zenye ncha kali hujikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Mtu analala mzima, anaamka usiku analia. Bia, nyama nyekundu na maini huchochea.

Ya hatari zaidi ni ya bakteria. Kiungo kimoja kinavimba ghafla, kinakuwa cha moto na homa inapanda. Huyo hasubiri kesho, anawahishwa hospitali siku hiyohiyo.

Sasa fikiria timu yoyote ya mtaani. Straika goti limevimba, fainali ni Jumapili, viongozi wanahaha kumtafutia sindano. Sindano inaondoa maumivu, haiondoi jeraha. Swali la kwanza lingekuwa: goti limevimba kwa nini?

Batistuta alichezea klabu kubwa zenye madaktari wake, na bado deni lilimfuata hadi chumbani.